Chupa Mbili za Majitaka

Ndugu wasikilizaji wa Mtwara, chupa hii ya kwanza niliijaza nusu saa iliyopita kwa majitaka yaliyochanganywa na tope lenye bakteria, na kama mnavyoona, tope limekwisha kutuama na maji ya juu yanang'aa. Asiyejua angeyamwaga katika ghuba ya Mikindani akaridhika. Hata hivyo, ndani ya maji hayo maangavu zinaweza kubaki amonia na fosforasi, ambazo kwa mwani ni mbolea kama samadi ilivyo kwa mahindi. Mwani ukistawi kupita kiasi hufunika nyasi za baharini na matumbawe, na ukifa, uozo wake humaliza oksijeni wanayoitegemea samaki.

Amonia huondolewa na makundi mawili ya bakteria yenye tabia tofauti kabisa. La kwanza hutaka hewa nyingi: huigeuza amonia kuwa naitraiti, kisha naitrati, na kwa kila gramu ya naitrojeni iliyomo ndani ya amonia hutumia takriban gramu 4.6 za oksijeni, ndiyo maana mashine za kupuliza hewa hula umeme mwingi. Bakteria hao hukua polepole, na baridi huwadumaza zaidi, kwa hiyo joto letu la pwani, tunalolilalamikia kila Desemba, hapa ni neema. Kundi la pili hufanya kazi hewa ikikatika: huvuta oksijeni iliyofungwa ndani ya naitrati, mradi lina chakula cha kaboni, na naitrojeni hupanda hewani ikiwa gesi. Chupa ya pili, niliyoijaza alfajiri, inaonyesha jambo hilo: tope lililokuwa chini limeibuka mabonge mabonge, limeinuliwa na vipovu.

Fosforasi haina njia ya hewani. Miaka ya 1970, huko Afrika Kusini, mhandisi James Barnard alionyesha kwamba bakteria wakipitishwa kwanza pasipo oksijeni wala naitrati, kisha penye hewa, huimeza kupita mahitaji yao. Tope la kawaida likikaushwa huwa na takriban asilimia 2 ya fosforasi. Tope la bakteria hao walioimeza laweza kufika asilimia 5 hadi 7. Lakini likiachwa lioze bila hewa, hutapika sehemu kubwa ya fosforasi lililoimeza. Niliwahi kuona mtambo wa kusafisha majitaka, sitautaja, ambao tope lilirundikwa kwa miezi na mchuzi wake ukarejeshwa tangi la kwanza. Fosforasi ilikuwa ikizungushwa tu. Tangu hapo, nikikaribishwa mtamboni, huuliza kwanza lori la kuondoa tope lilikuja lini.