Ujamaa wa Kinjozi na Kiwanda cha New Lanark

Ndugu wasikilizaji, fikra tunazoziita ujamaa wa kinjozi, yaani ndoto za kujenga jamii ya usawa na ushirikiano, zilizuka Ufaransa na Uingereza mwanzoni mwa karne ya 19, wakati viwanda vilipokuwa vikiwatajirisha wachache huku watu wazima na watoto wakifanyishwa kazi kuanzia alfajiri hadi usiku, na usawa ulioahidiwa na Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789 ukiwa haujafika kwa maskini wa mijini. Wanafikra watatu hutajwa pamoja: Wafaransa Saint-Simon na Fourier, na Mwingereza Owen. Hawakuwa kundi moja hata kidogo. Mwaka 1831 Fourier alichapisha kijitabu cha kuwashutumu Owen na wafuasi wa Saint-Simon kwa ulaghai.

Nitakaa zaidi na Robert Owen, kwa kuwa yeye aliyajaribu mawazo yake. Mwaka 1800 alishika uongozi wa kiwanda cha pamba cha New Lanark, Uskoti. Alikataa kuajiri watoto walio chini ya miaka 10, akapunguza saa za kazi, akafungua shule. Badala ya fimbo, alimning'inizia kila mfanyakazi kipande cha mbao chenye rangi nne. Upande uliogeuzwa mbele ulitangaza mwenendo wake wa jana, mweusi ukiwa mbaya kabisa na mweupe ukiwa bora, buluu na njano zikiwa katikati. Ni utu, bila shaka, ukilinganishwa na viwanda vya jirani. Lakini aliyeamua wema ni upi alikuwa mwenye kiwanda, na hapo ndipo ninapouona udhaifu wa fikra hizi: mageuzi yalisubiriwa yatoke juu. Fourier naye, husimuliwa, alikuwa akimngoja nyumbani kila adhuhuri tajiri wa kugharimia jumuiya aliyoibuni ya watu wapatao 1,620. Hakutokea.

Mwaka 1825 Owen alinunua kijiji cha New Harmony, Indiana, nchini Marekani, ili aanzishe humo jumuiya ya ushirika. Kufikia 1827 jumuiya ilikuwa imesambaratika, na sehemu kubwa ya mali ya Owen imepotea.

Friedrich Engels, mwenzake Karl Marx, katika kijitabu chake cha 1880, aliwasifu watatu hawa kabla ya kuwakosoa, akieleza kwamba tabaka la wafanyakazi wakati wao lilikuwa bado changa. Hata hivyo, mwaka 1844 wafumaji na mafundi wa mji wa Rochdale, Uingereza, baadhi yao wakiwa wafuasi wa Owen, walichanga fedha zao wenyewe wakafungua duka la ushirika, ambamo kila mwanachama alikuwa na kura moja.