Ukungu chumbani kwa mtoto: tafuta maji kwanza, jiki baadaye

Haya wazazi wenzangu, wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi. Twende moja kwa moja maana najua kuna mliowaacha watoto kwa jirani.

Masika ikichanganya huku Pwani, Dar, Tanga, hadi Mombasa, unavuta kabati unakuta ukuta umeota madoa meusi, au kona ya juu pale kitanda cha mtoto kilipo, na watu wengi cha kwanza wanaita fundi rangi. Anapiga mkono mmoja, chumba kinang'aa, wiki chache rangi inavimba inabanduka na ukungu uko palepale. Hiyo hela umeitupa. Kule Rochdale, Uingereza, kuna mtoto wa miaka 2 anaitwa Awaab Ishak, alifariki Desemba 2020, na uchunguzi wa kifo chake mwaka 2022 ukasema ni kifua kilichoharibiwa na ukungu wa nyumba waliyopanga. Baba yake alisharipoti tangu 2017, akaambiwa apake rangi. Sasa hivi kule kuna sheria inaitwa kwa jina la huyo mtoto.

Sisemi kila doa linaua, hapana, msiende kulala na presha. Ila mtoto njia zake za hewa ni nyembamba, na analala usiku mzima na mchana tena, pua iko hapo hapo ukutani. Kama ana pumu ndo kabisa, na akianza kukoroma kifuani au kuvuta pumzi kwa shida mpeleke hospitali, usisubiri mpaka umalize kusafisha.

Sasa maji yanatoka wapi? Chukua kipande cha nailoni, kibandike ukutani kwa solotepu pande zote nne, kiache siku mbili. Ukikuta matone upande wa ukutani, maji yanapita ndani ya ukuta, labda bomba linavuja, au msingi ulijengwa bila kuzuia maji ya ardhini, hapo ita fundi ujenzi. Matone yakiwa upande wa chumbani, ni hewa yenu wenyewe: nguo mnaanika ndani, madirisha yamefungwa sababu ya mbu, kabati limegandishwa ukutani. Weka wavu wa mbu ufungue dirisha, vuta kitanda na kabati viache nafasi ya kiganja. Na jamani, jiko la mkaa la kukaushia chumba HAPANA, lile linatoa hewa isiyo na harufu na inaua familia nzima usingizini.

Kusafisha sasa. Mtoto asiwepo, mjamzito na mwenye pumu wasifanye hiyo kazi. Feni zima, mlango wa kwenda ndani funga, dirisha wazi, vaa glovu na barakoa inayobana vizuri. Usikwangue ukungu mkavu, utaurusha chumba kizima, lowesha kwanza kwa maji ya sabuni ndo usugue, halafu futa na ukaushe. Sabuni kwa madoa madogo inatosha kabisa. Ukitaka jiki, isizidi kikombe kimoja kwa lita 4 za maji, na kamwe usichanganye na siki wala dawa ya choo, ile gesi inayotoka inaunguza mapafu. Doa likizidi kama mita moja kwa mita moja, au dari ya jipsamu imelowa mpaka imelegea, usijitie ushujaa, ita fundi aibomoe.

Wapangaji, piga picha kila wiki umtumie mwenye nyumba kwa meseji, sio kumwambia tu mkikutana getini.

Mama hapo mbele ameuliza midoli ya manyoya. Fua kwa maji ya moto, anika juani mpaka ikauke hadi ndani, ikibaki na ile harufu itupe, hata akilia. Godoro la sponji lililoota ukungu nalo halioshwi likapona, na usimpe mtu mwingine.