Siku 30, na Wakili Hayupo

Ndugu zangu, akina mama, nimekuja na jambo lile lile na nitalirudia mpaka lisikike: mwomba hifadhi aliyekataliwa anahitaji wakili, na pesa ya wakili haiwezi kutoka mfukoni mwake.

Kuna mama mmoja Mrundi alinijia hapa Nsambya, Kampala. Mnajua tangu 2017 hapa Uganda Mrundi hapokelewi tena kuwa mkimbizi kwa kundi, kila mtu anahojiwa peke yake. Mama akafungua fundo la kitenge, akatoa barua ya Kiingereza. Alikuwa ameizungusha kwa majirani akitafuta wa kumsomea; kwangu ilifika siku ya 26. Amekataliwa, eti maneno yake yanapingana na ya mumewe. Wapi? Mama alisema waliomchukua kaka yake walikuja saa mbili usiku. Mkalimani akaandika mbili hiyo hiyo kwa Kiingereza, ikawa saa nane yetu, usiku wa manane. Mume alihojiwa kwa Kifaransa, akasema saa ya ishirini, ikaandikwa vizuri. Saa sita katikati yao! Wakaitwa waongo.

Naona mnatikisa vichwa. Mtoto mdogo anajua saa mbili usiku ni wakati wa kula. Lakini faili halijui, na mama hajawahi kuliona faili. Anatakiwa mtu wa kuomba maandishi ya mahojiano, kuyalinganisha mstari kwa mstari, na kuandika rufaa, siku zimebaki 4. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inatoa 30 tu. Na Bodi ya Rufaa yenyewe haina mamlaka ya kukupa ukimbizi. Ikiona kosa, inarudisha faili kwa Kamati ile ile iliyokataa. Kosa lisipoonyeshwa kwa kidole, linabaki humo humo.

Mtu ataniambia: Waganda wenyewe wanakosa mawakili, mkimbizi ni nani? Sikilizeni. Katiba, ibara ya 28, inaitaka serikali imlipie wakili mtu anayeshtakiwa kwa kosa la kunyongwa au kifungo cha maisha. Kwa sababu akihukumiwa kimakosa, hakuna cha kumrudishia. Sasa huyu mama akirudishwa kwa wale waliokuja saa mbili usiku, yeye atarudishiwa nini? Sisemi Mganda anyimwe! Nasema kipimo kiwe kimoja.

Mashirika yapo, ndiyo, na yanajitahidi, lakini yanaishi kwa pesa za nje. Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025 mliona wenyewe. Tulikuwa watano tukiandika rufaa. Leo tuko wawili. Haki ya mtu haiwezi kutegemea bajeti ya nchi nyingine.

Nilitaka kusema juu ya wakalimani na juu ya Mahakama Kuu, muda umekwisha. Moja tu: siku unapopewa barua, andika tarehe juu ya bahasha hapo hapo. Na mwenye barua leo asiondoke. Mimi nakaa hapa mpaka wafunge mlango.