Wazo Lililotoka Isiolo: Jinsi Kaunti Zinavyojifunza kwa Kaunti Nyingine

Waheshimiwa, wazee wetu, mabibi na mabwana, nashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie jinsi ubunifu unavyoenea katika serikali zilizogatuliwa, nami nimeona heri nifuate wazo moja tu, tangu lilipochipuka hadi lilipoenea nchini Kenya, nalo ni mfuko wa kaunti wa mabadiliko ya tabianchi, yaani fungu la fedha za miradi ya kukabiliana na mabadiliko hayo.

Miongoni mwa Waborana, wafugaji wa Isiolo, malisho husimamiwa na wazee wa dedha, yaani utaratibu wa kimila wa kutunza malisho, na wazee hao huamua mifugo inywe wapi wakati wa mvua na sehemu gani zihifadhiwe kwa ajili ya kiangazi. Mtu akichimba kisima katikati ya malisho ya akiba, hata kwa nia njema kabisa, huyaharibu, kwa sababu maji yakipatikana hapo mwaka mzima mifugo haiondoki, na ukame unapoingia nyasi huwa zimekwisha zamani. Ujuzi huo haukuwa na nafasi katika mipango iliyoandikwa Nairobi. Ndiyo maana utaratibu uliojaribiwa Isiolo, ambao maandalizi yake yalianza hata kabla ya serikali za kaunti kuingia kazini mwaka 2013, uliwataka wananchi wa kila wadi wajichagulie kamati itakayopendekeza miradi. Asilimia 70 ya fedha za uwekezaji zilitengewa miradi ya wadi, asilimia 20 miradi ya kaunti nzima, na asilimia 10 shughuli za uendeshaji. Zaidi ya hayo, kamati ya kaunti haikuwa na mamlaka ya kuukataa mradi wa wadi uliotimiza vigezo. Kazi yake ilikuwa kuusaidia uwe imara zaidi. Kwangu mimi, kanuni hiyo moja ndiyo roho ya ubunifu wenyewe, kwa maana ilimpa mzee wa dedha neno la mwisho kuhusu mahali pa kisima.

Kutoka hapo wazo lilikwenda Wajir, Garissa, Kitui na Makueni. Makueni ni nchi ya wakulima, haina dedha, lakini ilikuwa imekwisha kujenga ngazi za ushiriki wa umma zinazoanzia kijijini, na kamati mpya zikaegemea ngazi hizo. Badala ya mipango ya malisho, watu wakaomba mabwawa ya mchanga yanayohifadhi maji katika mito ya msimu. Makueni ilitunga kanuni za mfuko wake mwaka 2015 na kuutengea asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo. Wajir ilipitisha sheria mwaka 2016, na yenyewe ikatenga asilimia 2. Isiolo, kitovu cha jambo hili, ilipata sheria yake baada ya hao waliojifunza kwake. Naomba tulitafakari hilo, kwa sababu tumezoea kudhani kwamba mwanzilishi ndiye anayetangulia daima, ilhali mkopaji wa wazo mwenye bunge la kaunti lililo tayari na maofisa wanaolielewa jambo anaweza kumpita.

Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 150 za kuupeleka utaratibu wa namna hii katika kaunti nyingi zaidi, kwa masharti kwamba kaunti iwe kwanza na sheria, kitengo na mfuko wa tabianchi. Sheria zikatungwa kwa kasi ambayo hatukuwa tumeiona. Fedha zilihitajika, na sitasema vinginevyo. Lakini nimewahi kushika mswada wa kaunti moja nikakuta, katikati ya kifungu kinachohusu kamati za wadi, jina la kaunti nyingine limesahaulika bila kufutwa. Niliumia, kwa sababu nilijua kwamba kama hakuna aliyekisoma kifungu hicho kwa makini, basi hakuna aliyewauliza watu wa wadi hizo kama kamati ya idadi ile, inayochaguliwa kwa njia ile, inawafaa. Sheria ilikuwa imesafiri, na mazungumzo ya wazee yaliyoizaa yakabaki Isiolo.

Baraza la Magavana lina Kituo cha Maarifa kinachokusanya mambo ya namna hii, na ni kazi njema. Hata hivyo kumbukumbu iliyoandikwa hueleza kilichojengwa kuliko inavyoeleza ubishi uliotangulia, yaani nani alipinga, mradi upi uliachwa na kwa nini. Hayo husimuliwa na aliyekuwapo, mkiwa mmesimama naye kando ya kisima chenyewe. Safari zetu za mafunzo hujaa mawaziri wa kaunti na wawakilishi wadi, wanaoonyeshwa jengo na kupewa nakala ya sheria kabla ya chakula cha mchana. Ombi langu kwa kaunti zinazopanga safari kama hizo mwaka huu ni kwamba nusu ya viti katika basi wapewe wajumbe wa kamati za wadi, na kwamba walale huko siku mbili au tatu, wakae na wenzao hadi kikao cha kuchagua miradi kiishe.