Muulizeni Analala Saa Ngapi

Wazazi wenzangu wa Nakuru, hili nimelisema kanisani, nimelisema kwenye chama, na leo nalirudia: kabla hujamwita mtoto mvivu, muulize analala saa ngapi.

Agosti iliyopita mama mmoja aliniletea binti yake wa kidato cha pili. "Mwalimu, huyu kazi hafanyi, akiguswa analia." Analala saa ngapi? "Saa tatu yuko chumbani." Nikamwomba mama atupishe. Binti akaniambia: saa tisa. Saa tisa ya usiku! Nilidhani anatazama video. Kumbe kuna kundi la WhatsApp la wenzake wa bweni. Shuleni simu ni marufuku, basi likizo ikifika ndipo yote yanasemwa. Wiki ya kwanza alilala mapema, akaamka na kukuta picha yake imechekwa usiku kucha, asiwepo hata mmoja wa kumtetea. Tangu siku hiyo halali mpaka wenzake walale. Mtoto wa miaka 15 anakesha kama soja wa getini, analinda jina lake. Msiniambie huyo anastarehe!

Najua kuna mzee pale nyuma anasema, "Sisi nasi tulikesha na riwaya." Mzee wangu, riwaya ilikuwa na ukurasa wa mwisho, na koroboi iliishiwa mafuta. Tena humo ndani hakuna aliyekuwa akikusengenya wewe.

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Binti huyu aliamshwa saa kumi na mbili achemshe chai. Hesabuni wenyewe.

Mwaka 2023 Vivek Murthy, wakati huo daktari mkuu wa serikali ya Marekani, alionya kuwa vijana wanaotumia zaidi ya saa 3 kwa siku kwenye mitandao ya kijamii wana hatari maradufu ya kuonyesha dalili za sonona na wasiwasi. Mtasema wenye huzuni ndio hukimbilia simu. Wapo, sibishi. Lakini huzuni ya asiyelala huzidi, hata iwe ilianzia wapi.

Picha za miili, kamari, wanaume wazima wanaojifanya wanafunzi: naonyeshwa saa, nayaacha.

Mama yule nilimwambia simu zote za nyumba zichajiwe jikoni kuanzia saa tatu, na yake ikiwemo. Binti alikubali upesi, maana sasa angewaambia wenzake kwamba mama ndiye amechukua simu. Aliyeanza kutoa sababu ni mama.