Sandarusi si Kaharabu, na Msandarusi si Mkaa

Kabla sijaanza, kipitisheni hicho kipande cha sandarusi, utomvu mgumu wa mti uitwao msandarusi, safu kwa safu. Msiogope kukishika. Udongo ukishaoshwa mnaona vipele vidogovidogo, kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Vipele hivyo ndivyo wafanyabiashara wa Unguja walivyovitafuta karne ya 19, kwa kuwa ni alama ya sandarusi iliyokomaa ardhini. Ile mbichi, iliyotolewa kwenye mti wenyewe, waliiita chakazi, na bei yake ilikuwa ya chini. Iliyokomaa ilisafirishwa hadi Salem, Marekani, na Ulaya, ikayeyushwa kuwa vanishi ya samani na magari ya farasi.

Sasa jambo langu. Walionisikia zamani wanivumilie, nitalirudia mpaka lisikike. Wachimbaji wa Mrima, yaani pwani ya bara inayoelekea Unguja, Wazaramo wakiwa miongoni mwao, walichimba sandarusi kwenye mchanga mwekundu mahali ambapo hapakuwa na msandarusi hata mmoja. Ilitoka wapi? Wataalamu wa Ulaya walibishana. Wengine wakasema ni ya mti uliokwisha toweka duniani. John Kirk, aliyefika Unguja mwaka 1866 na baadaye akawa balozi mdogo wa Uingereza, alichunguza majani na maua yaliyonaswa ndani ya sandarusi ya ardhini. Yalikuwa ya mti huuhuu tulio nao, msandarusi, ambao wataalamu huuita Hymenaea verrucosa. Maana yake ni nini? Kila shimo lililotoa sandarusi lilikuwa msitu. Msitu ulikwenda, sandarusi ikabaki. Babu zetu waliuza mabaki ya misitu iliyokufa, na sisi leo tunamalizia iliyo hai kwa magunia ya mkaa!

Najua yuko atakayenikatiza: "Mwalimu, hiyo si kaharabu, ule utomvu uliogeuka kama jiwe kwa mamilioni ya miaka?" Hapana. Chukua asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha, dondosha tone moja, ngoja kidogo, halafu gusa. Sandarusi itanata kidoleni. Kaharabu hainati. Kaharabu ya Jamhuri ya Dominika kweli ilitoka kwa ndugu wa msandarusi, lakini ndugu huyo alitoweka na utomvu wake una zaidi ya miaka milioni 15. Anayemuuzia mgeni sandarusi yenye mdudu ndani akaiita kaharabu anamdanganya, na inaniudhi, kwa sababu sandarusi ina historia ya kutosha bila kuazima jina.

Wala si ubani. Mti wa ubani ni wa jamii nyingine kabisa. Msandarusi ni wa jamii ya kunde, ndugu wa mkwaju na mkongo. Lakini kufukizwa, umefukizwa tangu kale: kwenye chetezo kilichofukuliwa Unguja Ukuu, cha karne ya 7 au ya 8, wanakemia walikuta mabaki ya sandarusi, wakachapisha matokeo mwaka 2015. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba thamani ya mti huu ililetwa na meli za Salem.

Biashara ilikufaje, nitapita haraka. Mpira wa porini ulivuta wachimbaji, kisha viwanda vikatengeneza vanishi bila sandarusi. Kongo nako walikuwa na kopali yao, utomvu mgumu kama sandarusi, ya mti mwingine wa jamii hiihii, wakiitafuta kwenye matope ya mabwawa. Hiyo inataka mhadhara wake.

Muda unanibana, basi niseme kuhusu mti wenyewe. Kila jani lina vijani viwili tu. Ganda la tunda lina vipele vilivyojaa utomvu. Gome likijeruhiwa, utomvu hutoka kuziba kidonda na kuzuia wadudu na ukungu. Upo Arabuko-Sokoke, msitu wa pwani ya Kenya, pamoja na miti ya mkongo na mgambo. Lakini nionyesheni kitalu cha kijiji chenye miche yake! Mitiki ipo, mikaratusi ipo, misonobari ipo. Nikiuliza, najibiwa kwamba unakua polepole. Mkongo nao hukua polepole, na hakuna anayeubeza anaponunua mlango.

Ganda lake halipasuki lenyewe. Waliotoka vijiji vyenye msandarusi, okoteni maganda chini ya mti, myavunje, mtoe mbegu na mzipeleke kitaluni msimu huu wa mvua. Fomu ya majina ipo pale mlangoni; andikeni na kijiji.