Kupeleka vigeu toka jobu moja hadi nyingine kwenye GitLab CI

Haya wapendwa, karibuni tena, leo niko hapa Kampala umeme upo kwa hiyo tuende fasta kabla haujakatika. Kwenye GitLab CI, yaani mfumo wa GitLab unaoendesha kazi (jobu) zenyewe kila ukipusha kodi, wengi mnaandika export TOLEO, hiki ni kigeu, jina linalobeba thamani, kwenye jobu ya build (ya kujenga programu) halafu mnashangaa mbona jobu ya deploy (ya kuipeleka) haioni kitu. Sikia, kila jobu inaanza na shell yake mpya, yaani mazingira mapya ya amri, ni kama umetoka Jinja na taksi moja ukashuka ukapanda nyingine ya Entebbe, mzigo uliousahau kule nyuma haukufuati.

Sasa fungua .gitlab-ci.yml, lile faili la maelekezo ya jobu zako, angalia skrini. Kwenye build, chini ya script, andika hivi:

- echo "TOLEO=1.4.$CI_PIPELINE_IID" >> build.env

Hiyo $CI_PIPELINE_IID ni namba ya paiplaini (mfululizo mzima wa jobu), GitLab inaijaza yenyewe. Halafu chini yake, usawa na script, sio ndani yake, hizo nafasi za yaml zinaumiza watu sana:

artifacts:
  reports:
    dotenv: build.env

Basi. Jobu za steji zinazofuata (hatua za paiplaini jamani, sio steji ya boda) zitapata $TOLEO zenyewe. Ila faili hilo liwe la mistari mifupi ya jina=thamani, kigeu chenye mistari mingi hakikubaliki. Na paswedi usiweke humo kabisa, maana hiyo ni artifact, yaani faili ambalo jobu inaliacha GitLab, mtu anaweza kuidownload akaisoma vizuri tu.

Hapa sasa ndipo nilikesha mimi. Deploy yangu ilikuwa na needs: ["test"] peke yake (needs ni orodha ya jobu inazozisubiri), nikapusha, docker, ile programu ya kontena, ikanirudishia "invalid reference format", nikahangaika na Dockerfile mpaka saa saba usiku, kumbe TOLEO ilikuwa tupu na mimi navuta image ya app: bila kitu baada ya nukta mbili! Ukishaweka needs, jobu inachukua vitu vya wale uliowataja tu. Kwa hiyo mtaje na build:

needs: ["build", "test"]

Kingine, usijaribu kutumia $TOLEO kwenye rules (masharti ya jobu kuingia kwenye paiplaini au la), hizo zinaamuliwa paiplaini inapoundwa, build yenyewe haijaanza hata.

Haya weka echo "napeleka $TOLEO" mwanzo wa script ya deploy, pusha, fungua logi… ngoja inazunguka… hiyo hapo, napeleka 1.4.37.